Levina na Milango Miwili

Levina akiingia nyumba yoyote, alifunga mlango nyuma yake kisha akasimama. Salamu zilisubiri. Alijipangusa bega moja, akajipangusa la pili, akapitisha viganja juu ya kilemba chake, akainua macho kwenye pembe za dari, na hapo ndipo alipowageukia wenyeji na kusema, "Haya, hamjambo humu?" Alifanya hivyo nyumbani kwake Lumemo, alifanya hivyo kwangu Mlabani, na alifanya hivyo kwenye duka la dawa, ambako wateja waliomfuata walibaki juani wakigonga. Kanisani alipata tabu, maana milango ya kanisa huachwa wazi misa nzima. Alichagua benchi la mbele ili aipe mgongo.

Watoto wa jirani zangu walidhani anapangusa vumbi. Mmoja aliwahi kumwambia, "Bibi, nikusaidie mgongoni?" Levina akageuka, akampa mgongo. "Angalia vizuri," akamwambia. "Ukimwona, usimpige. Niite."

Aliyekuwa akitafutwa ni mbu.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Levina alilea mbu katika kituo kimoja cha utafiti hapa Ifakara. Nasema alilea kwa sababu mwenyewe alilitumia neno hilo, na sijaona jingine linalofaa. Aliwalisha viluwiluwi kwenye mabeseni yao, akawahamishia kwenye vizimba vya chandarua walipoota mabawa, akawawekea pamba yenye maji ya sukari, na majike akawapa damu. Miaka ya mwanzo damu ilikuwa yake mwenyewe. Alikunja mkono wa gauni, akauingiza mkono kizimbani, akaendelea kuzungumza habari za bei ya mchele huku wanakunywa. Baadaye vikaja vifaa vya kupasha moto damu ya ng'ombe, mkono ukapumzika.

Nyumba ile ya mbu ina milango miwili, na katikati yake kuna kijichumba chembamba kama kabati. Unafungua wa kwanza, unaingia, unaufunga. Unasimama. Unajipangusa, unatazama juu. Ukiridhika ndipo unafungua wa pili. Kuingia ni hivyo, na kutoka ni hivyo. Milango yote miwili haiwi wazi kwa wakati mmoja hata kama mtu analia nje. Kadiri miaka ilivyokwenda mwili wa Levina ulilishika jambo hilo, kisha ukakataa kuelewa kwamba saa za kazi zimekwisha.

Nilimfahamu nilipoajiriwa kituoni kuwa kiungo kati ya watafiti na wanavijiji. Chuo kilinifundisha kwamba watu hukataa jambo kwa sababu hawajaelezwa vizuri. Nimeishi bondeni muda wa kutosha sasa, sina uhakika tena.

Levina alizaliwa Mchombe, wazazi wake walishuka kutoka upande wa Mahenge kutafuta ardhi ya mpunga. Aliolewa na Anselim, fundi wa miche, ambaye kitalu chake pale Lumemo kilijulikana kwa machungwa. Mtoto wao wa kwanza, Octavian, alikufa kwa degedege akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Huku kwetu karibu kila ukoo una kaburi fupi, kwa hiyo watu hawaulizani sana. Mgeni mmoja aliwahi kumuuliza inakuwaje mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria anawapa mbu mkono wake. Levina akafikiri, akamjibu, "Hawa nawajua wanakolala."

Baada ya Octavian walimpata Aneth, na baada ya Aneth hawakupata mwingine. Anselim naye alifariki binti akiwa darasa la nne. Mdogo wake marehemu akaja na wazee kutaka kumrithi mjane, kama desturi ilivyokuwa. Levina aliwapikia, akawasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza hadi njiani, akasema hapana. Aliendelea kulea mtoto, miche na mbu.

Kisha wakaja mbu wapya.

Aliyekuja nao ni Lukelo, mtafiti kijana mpole, anayefikiri haraka na kuongea haraka zaidi. Elimu yao wanaiita baiolojia sintetiki. Ukiivua koti ni hivi: kila kiumbe kina maelekezo ndani yake ya namna ya kujijenga, na siku hizi wataalamu wanaweza kuyasoma maelekezo hayo, kuyaandika upya maabara, na kukipa kiumbe kimoja kipande kilichotoka kwa kingine. Viwanda vingi vinaishi kwa ujuzi huo. Kuna vijidudu vinavyotengeneza dawa ndani ya matangi makubwa, kuna chachu zinazotengeneza manukato, kuna vimeng'enya ndani ya sabuni ya unga tunayofulia. Mbu wa Lukelo walipewa maelekezo ya kutengeneza vitu viwili tumboni mwao. Kimoja asili yake ni ngozi ya chura, cha pili asili yake ni sumu ya nyuki. Havimuui mbu. Vinachelewesha tu kukua kwa vimelea vya malaria ndani yake, na kwa kuwa maisha ya mbu ni mafupi, huenda akafa kabla vimelea havijawa tayari kuhamia kwa mtu.

Ili kuwatofautisha na wengine, waliwekewa pia alama. Chini ya taa maalumu, macho ya viluwiluwi hao yanawaka mekundu. Kazi ya kuwachambua ilikuwa ya Levina. Siku ya kwanza aliinamia darubini muda mrefu hadi Lukelo akaingiwa na wasiwasi.

"Mama, kuna tatizo?"

"Hapana. Wana macho kama makaa yaliyobaki jikoni."

"Hiyo ni alama tu."

"Najua ni alama, mwanangu. Nasema wamependeza."

Kilichobaki kilikuwa jaribio lenyewe. Mbu walipaswa kunyweshwa, humo humo ndani ya milango miwili, damu yenye vimelea vya bonde hili, kutoka kwa watoto waliopimwa na kukutwa navyo. Mtoto angetolewa damu kidogo kwa ridhaa ya mzazi, na angetibiwa. Kijiji kilichochaguliwa ni Mchombe, na kijiji kilitakiwa kwanza kuelewa na kukubali.

Hapo ndipo likatafutwa neno. Lukelo alisema kwamba kila akitamka "mbu waliobadilishwa vinasaba," watu wanashika watoto wao. Tulikuwa chumba cha chai. Levina akaweka kikombe chini.

"Sema mbu wa kubebesha," akasema. "Kama machungwa ya Anselim. Unachukua mlimao, mizizi yake migumu, unaubebesha jicho la mchungwa. Unafunga kwa nailoni. Mti ni ule ule, ila umebeba kitu kizuri."

Sote tulilipenda. Lukelo alilipenda hata akaliandika kiganjani.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, na watu walijaa. Lukelo alisimama, akawasalimu, akaeleza habari ya chura na nyuki, watu wakatulia. Kisha akasema, "Kwa kifupi, ndugu zangu, hawa ni mbu wa kubebesha."

Sauti ya kijana ikatoka nyuma. "Wanambebesha nani?"

Wakacheka. Mchombe ni kijiji cha mpunga, miche ya machungwa wanaiona kwenye gari ikipita. Huko, anayebebeshwa ni binti, na anachobebeshwa kinajulikana. Lukelo alitoka mbali, na alikuwa amelizoea lile neno la kitaluni. Hakujua wanacheka nini, akadhani hajaeleweka, akaongeza sauti.

"Siku wakiruhusiwa kutoka, watabebesha wenzao, na hao watabebesha wengine, mpaka bonde lote."

Kicheko kilichofuata kilipasua kikao. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele hakucheka. Aliinuka, akauliza, "Na mabinti zetu wa sekondari mmewawekea ulinzi gani?" Hata leo sijui kama alikuwa akitania. Mzaha ule uliondoka uwanjani kwa miguu, na ulipofika Mlimba ulikuwa umeshakuwa habari: kituoni wana mbu ambaye akimuuma msichana anaharibu kizazi chake. Hakuna mzazi aliyeleta mtoto kupimwa.

Yote hayo Levina angeyavumilia. Lisilovumilika lilikuja nyumbani kwake. Aneth alikuwa ameposwa na Fridolin, mtoto wa mzee Hermenegildi wa Mchombe, na siku zilikuwa zimekaribia za kutangaza ndoa parokiani. Mshenga akaja Lumemo, akanywa maji, akazunguka sana, mwishowe akasema wakwe wanaomba muda. Muda wa nini? Akatazama chini. Yule msichana, akasema, amekulia katika nyumba ya mama aliyewapa mbu mkono wake miaka yote. Watu wanauliza kilichoingia kwenye damu ya mama kimeishia wapi.

Nilikuwapo jioni hiyo. Aneth alingoja mshenga atoke, akaubamiza mlango kiasi cha picha ya Bikira Maria kupinda.

"Mama, iache hiyo kazi."

"Nikiiacha leo watasema nimekiri."

"Basi nenda ukawaambie ukweli."

"Upi? Nikifungua mdomo nitasema lile neno."

"Mama, Fridolin hapokei simu." Akakaa kwenye kiti cha baba yake, akajifunika uso kwa ncha ya khanga. Levina aliinuka akainyoosha picha. Alikuwa na mtoto mmoja, na neno lililokuwa likimvunjia mtoto huyo ndoa lilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Jumamosi yake tulipanda basi la Mlimba, yeye na mimi. Alipakata mche wa mchungwa uliokuwa kwenye mfuko mweusi, kati ya mabaki ya kitalu cha Anselim. Njia nzima aliukinga kwa mkono kila basi lilipoingia shimoni. Aliongea mara moja tu. "Wewe ndiye msomi wa kuongea na watu, mdogo wangu. Nikikosea nikanyage."

Nyumba ya mzee Hermenegildi iko nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Tulipiga hodi tukakaribishwa, nikatangulia. Nyuma yangu nikasikia mlango ukifungwa, na sikuhitaji kugeuka kujua kinachoendelea. Bega la kushoto. Bega la kulia. Kilemba.

Mama Brigitha, mke wa mzee, alikuwa mkekani akichagua mchele. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Unajipangusa nini, mkwe? Umetuletea?"

Levina alibaki na viganja kichwani. Nilitamani kumkanyaga, lakini alikuwa mbali.

"Sijawaleta," akasema taratibu. "Ni mazoea. Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu mzee Hermenegildi kutoka kitini. "Mazoea ya nini?"

"Ya kazini. Pale tunapowalea kuna milango miwili. Hufungui wa pili mpaka umefunga wa kwanza na kujikagua, asije mmoja akatoka na wewe."

"Hapa siyo kule."

"Najua, baba. Mwili haujui."

Mzee akatoa kicheko kifupi puani. "Haya, ufungue basi, tunaungua humu." Levina akaufungua, kisha akachagua kigoda kisichouelekea.

Walituuliza habari za Ifakara, za mvua, za mama yangu. Kisha mama Brigitha akasema, bila ukali, "Mkwe, posa hatujaitupa. Ila Fridolin ndiye mtoto wetu wa kiume peke yake. Tunataka wajukuu wa watu."

"Wa watu," Levina akarudia. "Kwani mliahidiwa wa nani?"

"Wewe unajua maneno yanayosemwa."

"Nayajua. Moja ni langu." Akausogeza mche katikati ya chumba. "Lile la kubebesha nililisema mimi, Lukelo alilibeba tu. Nilikuwa nawaza hiki." Akawaonyesha kovu shinani, mahali limao lilipokutana na chungwa, akaeleza jicho, kisu na nailoni. Mzee Hermenegildi alivua kofia akainama. Mkulima hawezi kuuacha mti bila kuushika.

"Chungwa la mti huu nikilila, mbegu yake nikaipanda," akauliza, "itaota na mizizi ya mlimao?"

"Haitaota hivyo. Lazima ubebeshe upya."

"Kila mti?"

"Kila mti."

"Na mbu wako akitaga, watoto wanatoka wamebeba?"

Levina alinitazama. Hakukuwa na pa kukanyaga. "Wanatoka wamebeba," akasema.

"Na wajukuu?"

"Na wajukuu."

"Basi huko siko kubebesha." Mzee akarudisha kofia kichwani. "Neno lako bovu hata bila mambo ya mabinti."

"Bovu," Levina akakubali. "Na jingine sina."

Mashine ya kukoboa ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta. Mama Brigitha akaweka ungo kando akasema chakula kiko tayari, na mzee ajidunge kwanza. Akaenda pembeni, kwenye mtungi uliozikwa nusu kwenye mchanga uliomwagiwa maji, akatoa kichupa. Mzee Hermenegildi ana kisukari. Alinyanyua shati, akajidunga tumboni kama mtu anayefunga kishikizo, akaendelea kuzungumza.

Nikaona niseme. Nilimwambia kwamba dawa ile, insulini, zamani ilitolewa kwa nguruwe na ng'ombe waliochinjwa. Siku hizi wataalamu wamechukua maelekezo ya mwili wa binadamu ya kuitengeneza, wakawapa bakteria au chachu, na vijidudu hivyo vinaipika kiwandani kwenye matangi. Ni ujuzi ule ule wa akina Lukelo.

Mzee alikitazama kichupa. Akamtazama mkewe.

"Kumbe na mimi nimebebeshwa," akasema. "Tena kila siku, na wewe ndiye unayeniletea."

Mama Brigitha alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta macho. Lakini mzee alikuwa bado hajamaliza. Alikinyoosha kichupa kuelekea kwa Levina.

"Huyu wa dawa yangu yuko kwenye tangi, huko kwao. Hana pa kwenda. Wako ana mabawa."

"Ndiyo, baba."

"Akitoka hamtamrudisha."

"Hatutamrudisha," Levina akasema. "Ndiyo maana najipangusa."

Mama Brigitha aliacha kucheka. Alimtazama Levina kuanzia kilemba hadi miguuni, kama mtu anayepima urefu wa gauni.

"Kila nyumba unafanya hivyo?"

"Hata duka la dawa. Kanisani ndipo nashindwa."

"Na haijawahi kutokea ukasahau?"

"Labda siku ya kuzikwa, maana mlango atafunga mtu mwingine."

Mama Brigitha akauvuta tena ungo wake, akachagua punje mbili tatu, akazitupia kuku. "Shamba la huyu mzee alipewa na baba yake," akasema, akiwa kama anaongea na mchele. "Na baba yake alipewa na babu. Hakuna aliyeulizwa kama analitaka, na hakuna anayeweza kulirudisha. Hao mbu hawakubebeshwa. Wamerithishwa."

Levina alilisema neno hilo chinichini, mara moja na tena, kama anaonja mboga.

"Kumbe!" mzee Hermenegildi akasema. "Wewe si ndiye uliyekataa kurithiwa na mdogo wake Anselim?"

"Ndiye."

"Leo unarithisha mbu."

"Mbu hawana shemeji mlevi, baba."

Tulikula wali na samaki. Hakuna aliyegusia posa tena, na niliogopa kwamba tutaondoka hivyo hivyo. Tulipokuwa tunaaga, mama Brigitha alikuwa akitufungia mchele kwenye kitambaa. Akauliza bila kuinua uso, "Huyo Aneth, naye anafunga milango kama wewe?"

"Aneth anaibamiza."

"Afadhali," akasema, akaongeza kombe la mchele.

Nje, mzee alikuwa ameshachimba shimo la mche karibu na kisima. Levina alipiga magoti, akaupanda, akaushindilia udongo kwa viganja. Kwenye basi alilia kidogo huku akitazama dirishani, nami nikamwacha. Tulipopita mto akaniambia kwamba jicho la ule mche lilitoka kwenye mti alioubebesha Anselim kwa mkono wake mwenyewe, na mche huo ndio uliokuwa wa mwisho.

Mkutano wa pili uliitishwa Mchombe baada ya mavuno. Safari hii Lukelo alikaa, Levina akasimama. Alisema kwamba neno la kwanza lilikuwa lake na lilikuwa bovu, na kwamba la sasa limetoka humu humu kijijini. Mbu hawa wamerithishwa kitu, na watoto wao watakirithi. Kitu cha kurithi hakirudishwi, na kwa hiyo hakuna hata mmoja atakayetoka mpaka watu wote wa bonde hili wakubaliane, na huenda wasikubaliane. Akawaeleza milango miwili. Akasimama mbele yao akajipangusa, bega na bega na kilemba, ili waone.

Kijana yule yule wa nyuma hakukosa la kusema. "Mama, wewe kurithiwa ulikataa. Mbu waliulizwa?"

"Hawakuulizwa," Levina akamjibu. "Ndiyo maana nawauliza ninyi."

Wapo waliokataa, na hadi leo wanakataa, nami siwalaumu. Wapo walioleta watoto. Wa kwanza kuja kutoa ridhaa alikuwa yule mwanamke aliyeuliza habari za ulinzi wa mabinti, akiwa na wanawe wawili wamevaa sare za shule.

Aneth na Fridolin walifunga ndoa kabla ya Kwaresima. Levina alicheza mpaka kiatu kikakatika. Mama Brigitha alimshika mkono akamzungusha uwanja mzima akiwaambia watu, "Huyu ndiye mkwe wangu wa mbu, msimwogope, amefunga."

Siku moja ya mvua Lukelo alitoka kwenye ile nyumba, mlango wa kwanza, akasubiri, mlango wa pili, akaja chumba cha chai akakaa bila kuvua koti. Alikuwa amepasua mbu waliokunywa ile damu, akatafuta vimelea vilivyokomaa. Tulimngoja aseme. Kwenye mbu wa kawaida alikuwa ameviona. Kwenye warithi, akasema, na sauti yake haikuwa ya haraka tena, ametafuta sana. Bado kulikuwa na majaribio mengine, na mengine baada ya hayo. Levina alimmiminia chai, akaweka sukari nyingi, akarudi kuchambua viluwiluwi wenye macho ya makaa.

Hakuna mbu aliyeachiwa mpaka leo. Watu wananiuliza lini, nami nawajibu sijui. Zamani jibu hilo lilinitia unyonge. Siku hizi naliona kama kile kijichumba chembamba cha katikati, mahali ambapo mtu hana budi kusimama kidogo.

Levina alistaafu, na muda si mrefu presha ikampiga upande wa kushoto. Alikaa Lumemo akihudumiwa na Aneth, ambaye alikuja na mtoto mgongoni, msichana mwenye mashavu kama maandazi. Masika ya mwaka jana nilikwenda kumuaga, kwa kuwa nilikuwa napelekwa Dodoma kwa miezi michache. Alifariki nikiwa huko. Aneth aliniambia kwamba wakwe walikuja msibani na tenga la machungwa ya kwanza ya ule mti wa kisimani, na kwamba yalikuwa matamu.

Lakini jioni ile ya kuaga alikuwa amechangamka. Alinihadithia habari za mjukuu, akaniuliza habari za mbu mmoja mmoja kama mtu anayeulizia jirani. Nilimwambia ukweli, kwamba kazi inakwenda, polepole, na kwamba nyumba ya milango miwili imepata mlezi mwingine, msichana makini kutoka Mchombe. Hilo lilimfurahisha sana. Giza lilianza kuingia, nikainuka, nikafika mlangoni, na kama tufanyavyo sote hapo ndipo mazungumzo yalipoanza upya. Nikasimama kizingitini, mguu mmoja huku na mmoja kule, nikamwambia nitarudi kabla ya mavuno, nikamwambia ale vizuri, nikakumbuka jambo jingine, na jingine. Nadhani sikutaka kuondoka. Nje vyura walikuwa wameanza. Levina aliniangalia kutoka kitandani, akainua mkono wake mzima, akajipangusa bega.

"Mdogo wangu," akasema, "ama uko ndani ama uko nje. Funga mlango."